Njia ya Neva: Historia ya Saratani Inayotoka Ngozini Kuelekea Ubongoni

Mwaka 1862, katika mji wa Königsberg, ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi, tabibu kijana aitwaye Ernst Neumann alichapisha maelezo ya mgonjwa mmoja mwenye saratani ya mdomo wa chini. Neumann alikuwa na umri wa miaka 28. Uvimbe wenyewe haukuwa kitu kigeni. Mdomo wa chini hupigwa na jua kuliko ule wa juu, na madaktari wa Ulaya walikwisha kuzoea kukata vidonda vya namna hiyo. Jambo alilotaka wasomaji walione lilikuwa ndani zaidi. Neva inayotokeza kwenye tundu dogo la taya, ile inayoupa mdomo wa chini na kidevu hisia, ilikuwa imeingiliwa na seli za saratani. Uvimbe ulikuwa umeingia kwenye mshipa wa fahamu na kuanza kuufuata kuelekea ulikotoka.

Makala hayo yalitoka katika jarida la Rudolf Virchow, lililosomwa na kila mtu aliyejali elimu ya magonjwa wakati ule. Na wakati wenyewe ulikuwa wa mabishano. Wataalamu walikuwa hawajakubaliana saratani inazaliwa na nini. Virchow alishikilia kwamba inaanzia kwenye tishu unganishi. Ilibidi ufike mwaka 1865 ndipo Carl Thiersch aonyeshe kwamba saratani ya ngozi huzaliwa na seli za ngozi yenyewe, zile za tabaka la juu. Kwa hiyo Neumann aliziona seli hizo zikiwa safarini kabla watu hawajaafikiana zimetoka wapi. Hakuwa wa kwanza kabisa, maana Jean Cruveilhier wa Paris hutajwa kuwa alieleza saratani ikifuata neva tangu miaka ya 1830. Lakini Neumann alikuwa na hadubini bora na jicho la subira. Mwaka 1868 akaja kugundua kwamba damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa, na sifa yake ikabaki huko. Neva ya kidevu haikumpa jina.

Ninaisimulia historia hii kwa sababu moja. Katika ugonjwa huu, mgonjwa mara nyingi hujua kabla ya daktari, na ilichukua zaidi ya miaka 100 kabla ya maneno yake kupewa uzito unaostahili. Anachosema ni kilekile toka zamani: sehemu ya shavu imekufa ganzi, sisimizi wanatambaa chini ya ngozi, kuna kichomi kinachokuja na kuondoka, nyuma ya jicho au kwenye fizi, wala jino halina tatizo. Baadaye kope inakataa kufumba, au mdomo unakwenda upande. Mara nyingi kuna kovu karibu, la kidonda kilichokatwa miaka kadhaa nyuma, na mgonjwa mwenyewe hakitaji kwa kuwa aliambiwa kimekwisha. Wengine, na hao ndio wengi, hawahisi lolote. Kwao habari hutoka maabara tu, pale mwanapatholojia anapoona kwenye kioo seli zimeizunguka neva.

Uso wa binadamu unahudumiwa na neva mbili kubwa kila upande. Neva ya tano ya fuvu huleta hisia. Tawi lake la kwanza hutoka juu ya jicho na kutawala paji la uso. La pili hupenya tundu lililo chini ya jicho na kufika shavuni, kwenye pua na mdomo wa juu. La tatu hupita ndani ya mfereji wa taya na kutokeza kidevuni, pale Neumann alipoangalia. Neva ya saba hutoka nyuma ya sikio, hupita katikati ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, kisha hutawanyika kuendesha misuli ya kucheka, kukunja uso na kufumba macho. Matawi ya neva hizi mbili hukutana njiani, hivyo saratani iliyoanza kwenye moja inaweza kuhamia kwa jirani yake. Na yote hayo yana matundu yake kwenye mfupa, yanayoelekea ndani ya fuvu. Saratani inayofuata neva haina haja ya kuutoboa mfupa huo. Hupita palipokwisha kuwa wazi, ikafika kwenye fundo ambako matawi matatu ya neva ya tano hukutana, chini ya ubongo, na kutoka hapo hadi shina la ubongo si mbali.

Safari hiyo huenda kwa miezi, mara nyingi kwa miaka. Hapo ndipo makosa ya utambuzi yalipopata nafasi. Charles Bell, Mskoti aliyezichambua neva za uso katika miaka ya 1820, aliacha jina lake kwenye ugonjwa wa kupooza uso ambao wengi huupata na kupona. Mtu mwenye mdomo uliopinda akija hospitali, jina la Bell huja haraka ulimini. Lakini kupooza kwa Bell huja ghafla, ndani ya siku chache, na wengi hupata nafuu baada ya wiki au miezi. Saratani hupoozesha uso polepole, tawi baada ya tawi: pengine nyusi kwanza, kisha kope, kisha pembe ya mdomo, na hairudishi ilichochukua. Vivyo hivyo maumivu yake yamewahi kudhaniwa kuwa ya jino au ya neva tu, na meno mazima yakang'olewa.

Baada ya Neumann, swali lililobaki lilikuwa hili: seli hizi zinapitaje? Katika miaka ya 1870, Axel Key na Gustaf Retzius wa Stockholm walidunga rangi kwenye ala zinazofunika neva, wakaonyesha kwamba kuna nafasi nyembamba kati ya tabaka na tabaka. Wengine wakazichukulia nafasi hizo kuwa mifereji ya limfu. Mwaka 1905 Paul Ernst aliandika kwa kirefu juu ya saratani kusambaa katika njia za limfu za neva, na fikra hiyo ikakaa vitabuni kwa miongo sita. Ilieleweka kwa urahisi, maana kila daktari alijua kwamba saratani hupenda limfu na kuishia kwenye tezi. Kwa mwenye kuamini hivyo, neva ilikuwa barabara tu ya kwenda kwenye tezi, haina mchango wake wowote.

Wakati huohuo, chanzo cha saratani yenyewe kilikuwa kinajulikana. Mwaka 1894 Paul Unna wa Hamburg alieleza ngozi za mabaharia zilizokauka, kuota magamba na hatimaye saratani, akaihusisha hali hiyo na jua na hali ya hewa ya baharini. Norman Paul, daktari wa Sydney, alitoa kitabu kizima mwaka 1918 juu ya jua na saratani ya ngozi. Mwaka 1928 mtafiti aitwaye Findlay alipata uvimbe kwenye panya aliowaanika kwa miale ya urujuanimno. Basi ikaeleweka kwa nini kichwa na uso ndivyo vinavyoumia zaidi, na kwa bahati mbaya uso ndiko neva zilikojazana na ndiko fuvu lilipo karibu.

Mtu aliyewapa madaktari uwezo wa kuifuata saratani hii alianza akiwa mwanafunzi. Frederic Mohs alizaliwa mwaka 1910 huko Burlington, katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Akisomea udaktari Madison, alimsaidia kazi za maabara mtaalamu wa zoolojia Michael Guyer. Walikuwa wakidunga kemikali mbalimbali kwenye uvimbe wa panya ili waone mwili utafanya nini. Kemikali mojawapo, kloridi ya zinki, iliua nyama ya uvimbe, lakini ilifanya na jambo jingine. Nyama iliyokufa ilibaki na umbile lake lote, kila seli mahali pake, kama ilivyokuwa hai. Mohs akaitazama kwa hadubini, akaelewa amepata nini: kama nyama inaweza kuhifadhiwa ingali mwilini, basi inaweza kutolewa tabaka kwa tabaka na kukaguliwa yote kabla ya kuamua kama pana haja ya kukata zaidi.

Alianza kwa wagonjwa mwaka 1936. Alitengeneza marhamu nzito ya kloridi ya zinki, unga wa madini ya antimoni na mzizi wa mmea wa Sanguinaria. Aliipaka kwenye kidonda, akaiacha hadi kesho yake, kisha akaondoa tabaka lililokufa, bila damu kutiririka. Tabaka hilo alilipaka rangi pembezoni, akachora ramani ya kidonda, akalikata mapande membamba kutoka chini, ili upande wote wa chini na ukingo wote vionekane kwenye kioo. Palipobaki seli za saratani alipajua kwa ramani, naye alipaka dawa hapo tu. Kazi ilirudiwa siku baada ya siku hadi ukingo uwe safi. Mgonjwa aliumia sana, kwa kuwa ile marhamu ilichoma nyama hai. Na madaktari wengi walimtilia shaka, maana waganga wa mitaani Marekani walikuwa wakiuza marhamu za kuunguza kansa tangu karne iliyotangulia, na yake ilifanana nazo mno.

Mohs hakubabaika. Makala yake makubwa yalitoka mwaka 1941. Miaka 11 baadaye, mwaka 1952, aliandika pamoja na Theodore Lathrop makala juu ya njia ambazo saratani ya ngozi husambaa, na neva ikawa mojawapo ya njia hizo. Kwangu mimi makala haya yana uzito kuliko yale ya kwanza. Wapasuaji wengine waliona saratani ikirudi, wakadhani ni mpya. Mohs, kwa sababu ya ramani zake, aliweza kufuata uzi mwembamba wa seli kutoka kwenye kidonda kinachoonekana kidogo hadi mahali ambapo ngozi ilikuwa nzima kabisa. Mkulima aliyechoma kisiki shambani anajua jambo hili: moto unazimika juu, majivu yanapoa, halafu wiki moja baadaye moshi unatoka hatua 10 mbele, kwa kuwa mzizi ulikuwa ukiungua chini ya udongo. Mohs alikuwa akichimba kwa kuufuata mzizi.

Mwaka 1953 alikuwa akirekodi filamu ya kufundishia, mgonjwa akiwa na saratani ya kope. Ili kuokoa muda, aliacha marhamu, akadunga dawa ya ganzi na kukata nyama ikiwa mbichi, akaigandisha na kuikagua palepale. Ilifaulu. Hata hivyo njia hiyo ya nyama mbichi haikushika hadi Theodore Tromovitch na Samuel Stegman walipochapisha matokeo yao mwaka 1974. Hapo maumivu ya marhamu yakaisha, na kazi ya siku kadhaa ikawa ya siku moja. Mohs alifariki mwaka 2002, na upasuaji huo unaitwa kwa jina lake dunia nzima.

Wapasuaji wa kichwa na shingo nao walikuwa wakifika palepale kwa njia yao. Mwaka 1963 Alando Ballantyne na wenzake, katika hospitali ya saratani ya M.D. Anderson huko Houston, walikusanya wagonjwa wao na kuandika juu ya saratani za kichwa na shingo kusambaa kupitia neva. Mwaka 1984 Helmuth Goepfert na wenzake wa hospitali hiyohiyo wakatoa hesabu: katika wagonjwa 520 wenye saratani ya seli bapa za ngozi ya uso, asilimia 14 walikuwa na saratani iliyoingia kwenye neva, na hao ndio ambao saratani iliwafika kwenye tezi za shingoni kwa wingi zaidi na waliokufa zaidi. Tangu hapo neno la mwanapatholojia kuhusu neva likawa sehemu ya uamuzi wa tiba. Melanoma, saratani ya seli za rangi ya ngozi, nayo ilikuwa na aina yake. John Conley na wenzake walieleza mwaka 1971 melanoma ngumu kama kovu, mara nyingi isiyo na weusi unaotarajiwa, na mwaka 1979 Richard Reed na Donald Leonard wakaonyesha jinsi melanoma ya aina hiyo inavyopenda neva. Mtu anaweza kuiona kuwa ni kovu tu, na hilo ndilo linaloitia hatari.

Fikra ya mifereji ya limfu ilianguka mwaka 1967. Watafiti Rodin, Larson na Roberts, wakichunguza saratani ya tezi dume, walionyesha kwamba ndani ya ala ya neva hamna limfu. Basi kwa nini seli za saratani zinakwenda huko?

Jibu lilikuwa limekwisha kuanza kuonekana mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiuliza swali hilo. Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano aliyelazimika kufanya utafiti chumbani mwake wakati sheria za kibaguzi za Mussolini zilipomfukuza chuoni kwa kuwa ni Myahudi, alikwenda St. Louis, Marekani, baada ya vita kufanya kazi na Viktor Hamburger. Huko, kwa kufuata jaribio la Elmer Bueker, alipandikiza uvimbe wa panya kwenye kiinitete cha kifaranga, akaona nyuzi za neva za kifaranga zikichipuka kwa wingi kuuelekea uvimbe. Uvimbe ulikuwa unatoa kitu kinachoziita neva. Kitu hicho, kichocheo cha ukuaji wa neva, kilimpatia yeye na Stanley Cohen tuzo ya Nobel mwaka 1986. Wakati wote huo madaktari walikuwa wakiitazama saratani ikienda kwenye neva, na yeye aliona upande wa pili, neva ikija kwa saratani.

Mwaka 2001 Gustavo Ayala na wenzake huko Houston waliweka pamoja kwenye sahani moja neva za panya na seli za saratani ya tezi dume ya binadamu. Vyote viwili vilikua kwa kuelekeana, na seli zilizofika kwenye neva zilistawi zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Memorial Sloan Kettering, New York, wakiongozwa na Sylvie Deborde na Richard Wong, walionyesha kwamba seli za Schwann, zile zinazoilinda na kuitengeneza neva iliyojeruhiwa, huzigusa seli za saratani, kuzitenganisha na kundi lao na kuzivuta ndani. Kwa hiyo neva haipitiwi tu. Inatoa kemikali, inapokea kemikali, na wafanyakazi wake wa matengenezo wanamsaidia adui bila kujua.

Tiba imefuata ujuzi huo kwa hatua ndogo. Kipimo cha MRI, kilichoenea katika miaka ya 1980, ndicho kilichowezesha kuiona neva iliyonenepa ikielekea kwenye tundu la fuvu, ingawa neva ndogo bado hukikwepa. Mionzi huelekezwa kwenye njia nzima ya neva, kutoka ngozini hadi fuvuni, si kwenye kidonda peke yake. Chrysalyne Schmults na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kipenyo cha neva iliyoingiliwa kina maana kubwa: ikiwa chini ya milimita 0.1, matokeo huwa mazuri zaidi. Ikizidi, hatari hupanda. Kipimo hicho kimeingia kwenye mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani. Na Septemba 2018 Marekani iliidhinisha cemiplimab, dawa inayoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani ya seli bapa ya ngozi isiyoweza kukatwa wala kuchomwa kwa mionzi. Katika majaribio, karibu nusu ya wagonjwa uvimbe wao ulinywea.

Afrika Mashariki imo katika historia hii kwa sababu ya watu wenye ualbino. Mwaka 1985 Jeffrey Luande na wenzake, wakifanya kazi Dar es Salaam, walichapisha uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino, wakaonyesha kwamba jua huanza kuwaumiza utotoni kabisa, na saratani zilizokomaa huwapata wangali vijana. Nyingi ni za seli bapa, za kichwa na shingo: aina ileile na mahali palepale ambapo neva huingiliwa. Wengi hufika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, wakiwa wamechelewa, uvimbe umekwisha kula sikio au shavu, na kwa wakati huo swali la neva limepitwa. Mjini Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ukanda huu tangu miaka ya 1990 na kuwafuata watu wenye ualbino vijijini kwao. Hapohapo Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao.

Wataalamu hao wanayo mazoea ambayo Houston na Madison hawakuwa nayo. Kwa sababu ya ukoma, ugonjwa mwingine unaokula neva, kila mwanafunzi wa ngozi hapa hufundishwa kugusa baka kwa kipande cha pamba na kumwuliza mgonjwa, macho yakiwa yamefumbwa, kama anahisi. Pamba hiyohiyo inaweza kupitishwa kwenye kidevu, shavu na paji la uso la kila mwenye ualbino aliye na kidonda kisichopona au kovu la upasuaji. Kazi hiyo ni ya dakika 1, haihitaji umeme wala mashine, na ganzi ikigunduliwa mapema, huenda saratani bado haijafika kwenye mfupa.